Aliyeteremka Upande wa Pili

Jamani, kuna watu wanaogombana kwa maneno na kuna wanaogombana kwa kunyamaza. Rwema na mkewe Mukunde walikuwa wa kundi hili la pili. Nyumbani kwao Remera, baada ya ugomvi, aliyeanza kusema ndiye aliyeshindwa. Na Rwema, mstaafu mwenye kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, kushindwa alikuwa hataki hata kusikia. Ndoa ilikwenda hivyo miaka na miaka, watu wakiwacheka, na wao wenyewe wakijicheka.

Alipostaafu akapata wazimu mpya: kupanda milima. Gari hakuwa nalo wala hakulitaka. Kila Jumamosi alimwambia mkewe, "Mama Trinah, vaa viatu," wakagusisha kadi zao kwenye mashine ya basi, wakashuka mwisho wa safari, wakapanda kilima, wakateremkia upande wa pili na kurudi kwa basi jingine. Alijisifu kwa majirani kwamba hakuna kilima kuzunguka Kigali asichoweza kukifikia kwa basi. Mukunde alikwenda kwa sababu alimpenda mumewe, basi. Na kwa sababu alipenda kupiga picha maua ya porini.

Jumamosi hiyo walishukia Gahanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo mwekundu wa njiani uliteleza. Rwema alitangulia, kama kawaida yake, bila kugeuka nyuma. Alitaka kuliwahi basi la upande wa pili ili awe nyumbani mpira ukianza kwenye televisheni. Mukunde goti lilikuwa linamsumbua.

"Baba Trinah, ngoja nipumzike kidogo."

"Si umepumzika pale kwenye mikaratusi?"

"Hivi umekuja kutembea na mimi au na hilo basi lako?"

"Na wewe umekuja kutembea au kupiga picha?"

Mukunde akasimama. "Nenda. Mimi narudi tulikotoka."

"Rudi!" akasema Rwema, akaondoka zake. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anamnunia mkewe kwa sababu ya mpira!

Akavuka kilele, akateremka, akalipata basi lake. Nyumbani akajichemshia chai, akafungua televisheni. Hata mapumziko hayajafika, simu ikalia. Mama Trinah. Rwema akatabasamu. Ahaa, leo kashindwa mapema! Atakuwa yuko njia panda ya Sonatubes kwenye foleni ya magari, anatafuta kisingizio cha kuanza maneno, atauliza anunue nini cha jioni. Rwema akaona asimrahisishie. Akaikata. Ikalia tena. Akaikata tena, kwa raha kabisa, akailaza kifudifudi mezani. Haikulia tena.

Mpira ukaisha, Mukunde hakutokea. Rwema akajiambia kwamba mwanamke kazidisha kununa, kaenda kwa dada yake Claudette, kama afanyavyo akichoshwa naye. Ampigie Claudette amuulize? Thubutu! Wamcheke wawili? Mvua ikaanza upya, naye akakaa akila ndizi baridi za jana, shingo kaikaza.

Jioni ilikuwa inaingia Claudette alipompigia mwenyewe.

"Shemeji, hebu nipe dada. Namtafuta tangu mchana, simu yake haipatikani."

"Hayuko kwako?"

"Kwangu? Si mlikwenda mlimani?"

Rwema akaruka kitini. Akatoka hata koti hakuvaa. Vijana wa pikipiki walikuwa wamejibanza chini ya paa la kituo cha mafuta, na hakuna aliyekubali kwenda Gahanga kwenye mvua ile. Likaja basi, akapanda. Sonatubes magari yalikuwa yamesimama kabisa, hayaendi mbele wala nyuma. Rwema akapiga ile namba, akapiga, akapiga, na kila mara akajibiwa na sauti ya mashine. Abiria wakamtazama mzee aliyelowa akisema peke yake, "Pokea, mama. Nakuomba pokea." Yule yule aliyekuwa anakata!

Chini ya kilima alimkuta mkulima mmoja, jina lake Évode, anaosha jembe.

"Muzee, asubuhi niliwaona mkipanda wawili," akasema Évode. "Mama hakurudia hapa. Mimi niko shambani siku yote, ningemuona."

Wakapanda wote wawili, Rwema akimulika kwa tochi ya simu yake na kuita mpaka sauti ikakauka. Walimkuta si mbali na walipogombania. Alikuwa ameteleza na kutumbukia katika mmoja wa ile mitaro mirefu inayochimbwa kukinga maji yasiondoke na udongo wa kilima. Mguu ulikuwa umekunjika pasipokunjika mguu. Midomo ilikuwa haina damu. Lakini alikuwa hai, na alimtambua.

"Baba Trinah. Umekuja."

"Nimekuja, mama. Nimekuja."

"Nilikupigia." Alisema polepole, anavuta pumzi kila baada ya neno. "Nilikaa nikipiga picha mpaka chaji ikabaki kidogo sana, ndipo nikateleza. Nikajiuliza nimpigie nani, wewe au Claudette. Nikasema wewe, unaijua njia. Ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika, na yangu ikazimika."

Haya, Rwema, sema basi! Mwanamke yuko mbele yako, anakutazama.

"Yangu iliisha chaji," akasema Rwema. "Ilizima."

"Nilijua," akasema Mukunde. "Nilikuwa najiambia, hawezi kunikatia. Lazima itakuwa chaji."

Évode akaitazama ile simu inayowaka mkononi mwa mzee, kisha akatazama pembeni. Akakimbia kuita majirani. Walimteremsha kwa machela, wakipokezana begani kwenye utelezi, na gari la wagonjwa likawakuta barabarani. Mukunde alikata roho kabla hawajafika hospitali, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Daktari alisema damu ilikuwa imevujia ndani kwa saa nyingi. Angefikishwa mchana, akasema, angepona.

Siku za msiba nyumba ya Remera ilijaa. Binti yao Trinah alifika kutoka Kampala na mumewe Léonce. Habari ya chaji ilikuwa imeshamfikia kila mtu. "Simu hizi za siku hizi," walisema wanawake jikoni, "chaji haikai hata nusu siku." Hakuna aliyemlaumu Rwema hata kidogo. Claudette alikaa karibu naye, macho yamevimba kwa kulia, akamwambia, "Usijitese, shemeji. Ungepokea ungekimbia, sisi sote tunakujua." Rwema aliona aibu mpaka akatamani wamzike yeye, na bado hakusema.

Walipotoka makaburini, Léonce alimjia sebuleni mbele ya watu wote, akapiga goti moja kwa heshima. Mkononi alikuwa na boksi dogo jeupe.

"Baba," akasema, "mimi na Trinah tumekununulia simu. Betri yake ni kubwa, inakaa siku mbili bila kuzima. Hatutaki yakukute tena yale."

Wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa, wakasema huyo ndiye mkwe. Rwema akalipokea lile boksi kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," akasema.