Mkono wa Dada

Nesi alikunja mkono wa shati la Bosi, akapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, kisha akaandika namba kwa kalamu kuanzia karibu na kiwiko kushuka chini, na kila namba akaidondoshea tone lake la kupima aleji: yai, karanga, vumbi, paka. Bosi alikuwa na miaka minne. Jina hilo alilipata nyumbani, maana nyumba nzima ilikwenda kwa amri ya ngozi yake. Alipowashwa, mayai yalipigwa marufuku. Akawashwa tena, zulia likatolewa nje. Mara ya tatu paka wa dada yake akapelekwa kwa shangazi, na shangazi akaacha mlango wazi, paka akaenda zake moja kwa moja.

Dada mtu alikuwa na miaka tisa. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, amepakata mkoba wa mama. Yeye hakuwa na aleji ya kitu chochote. Siku moja alijipaka ute wa yai shavuni akangoja avimbe. Shavu likang'aa tu.

"Haya baba, tunaanza," nesi alisema.

Bosi akaangua kilio kabla hajaguswa. Mama akamkalisha mapajani na kumzungushia mikono yote miwili. Nesi akapuliza mapovu ya sabuni. Daktari akaacha alichokuwa anafanya, akaigiza mlio wa mbuzi ili amchekeshe. Watu wazima watatu kwa mtoto mmoja! Dada alimwonea gere mdogo wake. Mapovu hayakumshughulisha. Alichotaka ni yale mapaja.

Sindano ilipogusa tone la kwanza, Bosi alinyamaza, akadaka povu.

"Mbona haiumi?" alisema.

Aliyeshtuka ni dada. Nesi akamchungulia, akaona kidoa chekundu kimejitokeza mkononi mwa dada, mahali palepale alipochomwa Bosi.

"Inatokea kwa dada mtu," aliarifu, akaendelea na tone la pili.

"Usijikune," mama alimwambia binti yake. "Utatuharibia majibu."

Baada ya robo saa daktari alileta rula na kuyasoma majibu ya Bosi kwenye mkono wa dada. Penye tone la yai palikuwa pamefura kama pameumwa na nyuki. Karanga vilevile. Penye vumbi paliinuka kidogo. Penye tone la paka ngozi ilikuwa tambarare.

"Paka hana neno," daktari alisema.

Dada aliinua uso. "Kwa hiyo hakuwa na kosa?"

"Hana kosa lolote."

"Hata hivyo alikuwa anamwaga manyoya kila mahali," mama alisema, na habari ya paka ikaishia hapo.

Nesi akambandika Bosi nyota kifuani. "Shujaa wetu! Sindano zote hizo, hajatoa hata chozi!"

Mama akambusu utosini. Dada alikuwa anaupuliza mkono wake mwenyewe, roho ikimuuma kuliko mkono.

Pale mlangoni alisimama mama mwingine, mnene, mwenye sauti ya upole, akimvuta binti aliyeng'ang'ania fremu ya mlango huku akilia. Mama huyo alikuwa ameona yote.

"Samahani, mama mwenzangu," alimwambia mama yake Bosi. "Huyu mkubwa wako hana haraka? Naona ana mkono mwingine mzima."

"Muulize mwenyewe," mama alijibu. Alikuwa amepiga magoti, anamfunga Bosi kamba za viatu.

Yule mwanamke akamwinamia dada. "Eti mama, utanisaidia?"

Dada alifikiri. "Mwanao akae benchi," alisema. "Mimi nikae kwako."

Mwanamke aliona ni haki. Binti yake akapewa kichupa cha mapovu, akatulia benchini na mkono ameunyoosha kwa nesi. Dada akapanda kwenye mapaja ya mgeni. Yalikuwa mapana na yenye joto. Mikono miwili ikamzunguka. Akageuza shingo kumtazama mama yake.

Mama alikuwa kwenye kiatu cha pili. "Shujaa wa mama," alikuwa anamwambia Bosi. "Shujaa wa mama ni nani?"

Dada akaegemeza kichwa kwenye kifua cha yule mwanamke na kufumba macho.

"Chomeni," alisema.