Wifi Hakufika Njia Panda

Fundi cherehani hakuwa na hamu ya kuongoza watu Jumapili ile. Lakini mwenyekiti wa klabu ya baiskeli alikuwa kitandani na mafua, akampigia simu kwa sauti ya kukwaruza. "Njia unaijua. Mwendo wa polepole tu, wa kupiga soga. Hakuna kushindana, na hakuna anayeachwa."

Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kung'ata masikio. Watu walikusanyika mbele ya kituo cha mafuta, wakipuliza viganja na kurukaruka. Kinyozi, ambaye wenzake walimwita Breki kwa jinsi alivyoziminya kila alipoona mteremko, alikuwa amevaa soksi mikononi.

"Glavu mke wangu kazifua jana," alijitetea. "Nadhani ananifanyia njama."

Wa mwisho kufika alikuwa wifi yake fundi, dada wa mumewe, mfamasia mwenye maneno machache na makali. Wiki nzima hawakuwa wamesalimiana, kazi ilikuwa kurushiana maneno kwa simu. Mama mkwe alikuwa ametoka hospitali baada ya kupooza upande mmoja, akahitaji mtu wa kukaa naye, na kila mmoja alimwona mwenzake anamkwepa mzee.

"Wifi, leo kaa katikati," fundi alisema. "Ukungu mzito."

"Ukiwa na hamu ya kuchunga watu, kamchunge mama."

Ghafla kila mtu akawa na mnyororo wa kukagua. Fundi akapanda baiskeli, akatangulia.

Walipita maghala, wakapanda kilima taratibu wakitaniana, kisha wakaanza kuteremka. Huko ukungu ulikuwa kama pamba iliyolowa. Fundi aliona gurudumu lake la mbele na kipande cha lami, basi. Mvua nyembamba ikaanza kumchoma usoni. Njia panda chini ya kilima akasimama, akawangoja. Wakatokea mmoja mmoja, pua zikichuruzika, meno yakigongana. Breki akawa wa mwisho.

"Wifi yangu yuko wapi?"

Breki aligeuka nyuma. "Si alikuwa nyuma yangu? Pale juu nilisikia gia zake. Baadaye sikusikia tena, nikadhani amesimama kufunga koti."

Wakangoja. Hakuna aliyetokea.

"Amegeuza," alisema mwalimu wa hesabu, akikumbatia mabega yake. "Baada ya yale ya asubuhi, hata mimi ningerudi kwangu. Twendeni tukanywe chai, tutaganda hapa."

Kusema kweli, fundi alitaka kuamini hivyo. Ilikuwa rahisi kumwona wifi ameshafika nyumbani, amejifunika blanketi, amenuna. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile.

"Huyu akikasirika hanyamazi," alisema. "Angepokea, japo anitukane. Mimi narudi. Mwalimu, tafuta gari lolote, lije juu."

"Lakini kama yuko nyumbani..."

"Nitamwomba radhi dereva. Tafuta gari!"

Breki alimfuata bila kuulizwa. Walipanda wakisukuma pedali kwa nguvu, wakiita, wakitega sikio, wakiita tena. Ukungu ulimeza sauti zao. Kwenye kona kali fundi aliona nyasi za ukingoni zimelala na tope limechanwa mstari mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Alibonyeza simu kwa kidole gumba, akabana pumzi.

Chini ya barabara, simu ikaita.

Aliteleza kwenye ukingo kwa makalio. Simu ilikuwa kwenye majani. Mbele yake, wifi alikuwa ndani ya mtaro uliojaa maji ya mvua ya usiku, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja umeng'ang'ania mdomo wa kalavati la zege lililopita chini ya barabara. Baiskeli ilikuwa imekwama mle, mguu wake umenasa kati ya fremu na zege. Midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa ameacha kutetemeka, mwili umechoka kupigana na baridi, na hilo ndilo lililomtisha fundi zaidi.

"Niliwaita," wifi alisema kwa ulimi mzito. "Mkaenda zenu."

"Sasa nimekuja. Breki! Funga tyubu za akiba ziwe kamba, zungushia nguzo ya barabarani, nitupie!"

Aliingia majini, na baridi ikamkata pumzi. Alivuta mguu, haukutoka. Alivuta baiskeli, ikagoma. Macho ya wifi yakaanza kujifumba, vidole vikaachia zege kimoja baada ya kingine.

"Wifi! Usilale! Nimeamua, mama anahamia kwangu. Wewe huna nafasi tena."

Macho yakafunguka kidogo. "Huna... haya."

"Ndiyo, sina. Hata funguo za nyumba sikupi. Sema!"

"Mama wa... kwangu mimi. Wewe umeolewa tu."

"Endelea kunitukana! Na mengine?"

Huku akitukanwa kwa sauti inayozidi kufifia, fundi alipapasa chini ya maji, akalipata gurudumu la mbele, akalegeza kishikio kilicholibana kwa kukipiga kwa jiwe. Gurudumu likachomoka, fremu ikainama, mguu ukaachia. Alimfunga wifi tyubu kwapani. Breki, uso umemsawijika kwa woga, alilalia nyuma na kuvuta huku akipiga kelele kama anayeng'oa jino.

Lori la mbao lilifika wakiwa wamemvua nguo zilizolowa na kumviringishia makoti yao. Mwalimu aliruka kutoka kwenye kibanda cha dereva, akamtazama mgonjwa, akavua sweta lake, akamfunika. Njia nzima fundi alimkumbatia wifi kifua kwa kifua. Karibu na mji mwili ule ulianza kutetemeka, na hapo fundi akalia.

Jioni, wodini, wifi alikuwa amefungwa plasta ya mfupa uliovunjika, mpaka gotini.

"Ulisema kweli?" aliuliza. "Kuhusu mama?"

"Kuhamia kwangu, kweli. Hayo mengine nilikuwa nakuchokoza. Nawe unakuja, mguu huo utaupeleka wapi?"

Wifi aligeukia ukuta.

"Chumba chenu cha mbele kina upepo," alisema mwishowe. "Mama asilale humo."

"Atalala cha nyuma, karibu na jiko."

"Na mimi?"

"Kitanda kimoja na mama, mkigombana shauri yenu."

Wifi akacheka, akajishika mbavu kwa maumivu, akamwomba maji.