Safu Saba za Vigae

Jumanne, tarehe 6 Agosti 1991, kulipambazuka mjini Semarang bila wingu hata moja, na vumbi la kiangazi lilikuwa limeshatanda juu ya mtaa kabla ya saa moja. Wuryani alimaliza kuuza wali wake wa nazi, akafunga meza, akasimama mlangoni kuitazama korido ya nyumba yake. Upana wake ulikuwa safu nne za vigae. Jumapili ya tarehe 18 wangekuja wageni kutoka Kendal kumposa binti yake, Kinasih, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika sebuleni.

Hela hakuwa nayo, kwa hiyo alitumia alichokuwa nacho. Chokaa aliiomba kwa Mzee Tarmidi, mwenyekiti wa mtaa; ilikuwa imebaki baada ya kupaka uzio kwa ajili ya sikukuu ya uhuru. Kioo alikitoa kwenye mlango wa kabati la marehemu mumewe, Rusdi, akakitundika mkabala na dirisha ili mwanga uongezeke. Zulia la plastiki lililochanika alilikunja akalitupa. Chini yake vilikuwepo vigae vya maua mekundu alivyotandaza baba mkwe wake zamani, vimefifia. Akavisugua kwa machicha ya nazi, kama alivyokuwa akifanya mama mkwe wake, mpaka vikang'aa.

Jumatano asubuhi korido ilikuwa na safu tano.

Wuryani alihesabu mara mbili. Kisha akaenda kupika, maana wateja walikuwa wakisubiri.

Ukuta uliosogea ulikuwa wa matofali. Aliujenga Kasmadi, kaka mkubwa wa Rusdi, ambaye aliishi upande wa pili. Baba yao alipofariki nyumba iligawanywa katikati, na Kasmadi ndiye aliyesimamia kazi, mwaka ambao Rusdi alikuwa mgonjwa kitandani. Mzee alikuwa ameacha neno moja tu: mpaka ni nyota, ile ya vigae vyeusi aliyoiweka katikati ya korido. Kasmadi alisema nyota imebaki chini ya ukuta. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyebomoa ukuta ili kuhakikisha.

Alhamisi safu zikawa sita. Kasmadi akaja akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shemeji, una mafundi humu ndani?"

"Mafundi nitawalipa nini, wali?"

"Kabati langu la viatu limebanwa. Juzi milango yake ilifunguka, leo haifunguki."

"Labda viatu vimeongezeka."

"Mimi si mtu wa kuchezewa, mama Kinasih."

"Nani anakuchezea? Mimi nasugua sakafu."

Kasmadi aliinama akanusa vigae. "Machicha," alisema. "Na umechanganya na nini?"

"Na mikono yangu."

Akatoa penseli sikioni, akachora mstari chini kabisa ya ukuta, akaondoka. Mchana mkewe alileta sahani ya ndizi za kukaanga, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mazishi ya Rusdi. Wuryani alimrushia kuku kipande kwanza. Kuku alikula, akaendelea na shughuli zake. Basi mama na binti wakala zilizobaki, taratibu, huku wakitazamana.

Ijumaa hakuwa akipika, kwa hiyo machicha hayakuwepo, akapiga deki kwa maji matupu. Jumamosi korido ilikuwa imerudi safu tano. Mstari wa penseli ulikuwa umehama pamoja na ukuta, hivyo haukumsaidia mtu. Wuryani akakuna nazi mbili zaidi.

Kila alfajiri, baada ya swala, alimwomba Mungu ampe haki yake na amwozeshe binti yake kwa amani. Alikuwa ameyafunga maombi hayo mawili kuwa moja. Siku hizo alianza kujiuliza kama angeyatenganisha.

Jumatatu ukuta ulifika safu ya saba, na pembeni yake ikatokea nusu ya nyota nyeusi. Aliendelea kusugua kila siku, na kwa Ijumaa aliweka machicha ya akiba. Ukuta haukusogea tena hata unywele.

Kasmadi alimleta Mzee Tarmidi na futi ya kupimia. Mzee alipima, akavua miwani.

"Ukuta umehama," alisema, "na hauna kibali."

"Na nyota?" aliuliza Wuryani. "Si ilikuwa chini ya ukuta?"

"Nyota naiona. Nusu nyingine iko wapi?"

"Kwake, chini ya kabati la viatu."

Mzee alitaka kwenda kutazama. Kasmadi alisema kabati ni zito. Mzee Tarmidi akaandika kwenye daftari lake kwamba kabati ni zito, akafunga futi.

Jumapili wageni walipita koridoni wawili wawili na sinia zao za keki na matunda, bila kugusa ukuta. Baba wa kijana, Mzee Prawoto, alisimama juu ya nusu ya nyota akaisifu kazi ya aliyeitengeneza. Kijana wake alikuwa na kazi Kalimantan, ng'ambo ya bahari, na angeondoka mwezi uliofuata, kwa hiyo walitaka tarehe ya ndoa siku hiyohiyo.

Kasmadi, aliyekaa na Mzee Tarmidi upande wa wenyeji, aliweka kikombe chini. "Mtoto huyu hana baba, hana babu, hana kaka," alisema. "Walii wake ni mimi. Bila neno langu hakuna ndoa. Neno ninalo, ila siwezi kulitoa wakati nyumba yangu inaliwa kila kukicha."

Wageni walitazama chai. Mzee Tarmidi alisema mambo ya ukuta ni ya familia.

"Mama, usikubali," alisema Kinasih. "Baba mkubwa aondoe lile kabati kwanza."

"Kawaongezee wageni chai, mwanangu."

Kinasih hakuinuka. Wuryani aligeuka kuitazama korido, ikiwa nyeupe kwa chokaa na pana, na kile kioo kikimwaga mwanga juu ya nyota. Alipiga hesabu ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano: safu sita, tano, nne.

"Sema wasikie," alisema Kasmadi.

Wuryani aliinua mkono wa kulia. Kiganja chake kilikuwa bado kinanukia nazi.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema. "Kuanzia kesho, nitapiga deki kwa maji matupu."