Mistari Kumi na Miwili ya Libérat

Mwanangu Libérat alitoka nyumbani kwetu Kalundu siku ya Jumanne, akaenda kutengeneza pompe za maji katika bonde la Ruzizi. Alhamisi vita vikaingia kule bondeni. Tangu siku hiyo hatukumwona yeye wala maiti yake. Miaka sita ikapita. Kilio hatukuweka, maana huwezi kumlilia mtu ambaye labda wakati huo anakula ugali mahali fulani. Kila Novemba, paroko alipoandika majina ya marehemu wa kuombewa, mimi niliinama kufunga viatu visivyo na kamba.

Mwaka huu, siku moja ya mvua, Hyacinthe alibisha hodi. Zamani alikuwa mlinzi wa ofisi alikofanya kazi Libérat, nayo ilifungwa wakati wa vita. Alitoa mfukoni kitu kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, amekifunga ndani ya mfuko wa mkate kisilowe.

“Mama Libérat, simu ya kazi ya mutoto wako ilikuwa inatuma mahali iko, kila baada ya masaa nane. Mashine ya ofisi ilikuwa inaandika. Karibu yote imeharibika. Hii njo imebaki.”

Nilimwambia akae nimpikie chai. Akatazama makaa yetu machache, akasema yeye hanywi chai. Ninamjua Hyacinthe. Anakunywa chai.

Mjukuu wangu Délice, binti wa Libérat, anasoma mambo ya kompyuta. Aliazima mashine ya rafiki yake, akafungua kile kitu. Hakukuwa na jina la mahali wala tarehe. Ilikuwa mistari kumi na miwili, na kila mstari una namba mbili za kuonyesha mahali kwenye ramani. Lakini namba zenyewe hazikusomeka kama namba. Zilikuwa moja na sufuri, moja na sufuri, mpaka macho yanauma.

“Koko, mashine haijui mbili wala nane,” Délice akanieleza. “Iko inajua moja na sufuri tu. Kila namba imevunjwa vipande makumi tatu na mbili.”

“Vipande vyote hivyo kwa namba moja tu?”

“Ni sababu ya virgule, Koko, ile alama ya desimali. Namba yenye virgule inasumbua.”

“Hata minye ilinisumbua shuleni. Na mwalimu wetu alikuwa na fimbo.”

Akacheka. Kwanza alitaka kugeuza mstari mmoja kwa mkono, ili aelewe njia, kisha aandike programu ya kugeuza iliyobaki. Mimi nilisoma, yeye akaandika. Moja, moja, sufuri, sufuri. Alinionyesha kwamba vipande vinane vinasema virgule ikae wapi, na vile vingi vya nyuma vinasema namba yenyewe. Tulipofika namba ya pili nikasimama.

“Délice, ile ya kwanza imeanza na moja. Hii imeanza na sufuri. Kwa nini?”

“Hiyo ya mwanzo ni alama tu, Koko. Zote za shuleni zinaanza na sufuri, sisi tunairuka. Soma tu.”

Nikasoma. Alijumlisha karibu nusu saa, akapata mbili virgule nane tatu, na ishirini na tisa virgule sufuri mbili. Akaziingiza katika ramani ya simu. Alama ikaanguka mbali sana kaskazini, upande wa Watsa, kwenye machimbo ya dhahabu.

“Weye Koko! Papa iko kaskazini!”

“Huyo mutoto!” nikasema. “Ametumwa kwa maji, yeye amefuata dhahabu!”

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Programu ilipomaliza mistari iliyobaki kwa njia ileile, tukaona yote kumi na miwili ni sawasawa. Libérat hakusogea hata hatua.

“Ametulia,” Délice akasema. “Amepata nyumba.”

Usiku ule niliwaza kwamba labda kuna mwanamke amempokea. Sikukasirika. Nilimwombea huyo mwanamke. Asubuhi nikafua shati la Libérat la Jumapili.

Wiki iliyofuata Délice alibadilika. Hakutaja tena Watsa. Alinitekea maji kabla sijaamka, akatia sukari nyingi katika chai yangu, jioni akanisugua miguu bila kuombwa. Mimi nilidhani ni furaha.

Ijumaa nilifungua daftari la kazi la Libérat, nikitafuta jina la rafiki wa kumpigia simu huko kaskazini. Nilisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama nilivyozoea. “Lubarika, pompe ya tatu. 2,83 S. 29,02 E.” Nikachukua karatasi ya Délice, nikailaza kando. Mimi mambo ya mashine siyajui. Lakini kusoma najua, na namba zilikuwa zilezile. Iliyozidi katika daftari ni herufi. Nilijua kwamba S ni kusini, na kwamba Lubarika iko palepale katika bonde la Ruzizi.

Délice aliingia na bidoni la maji.

“Mujukuu wangu, ile moja ya mwanzo ilikuwa inasema nini?”

Aliweka bidoni chini.

“Inasema namba iko chini ya sufuri, Koko. Kusini ya ikweta. Kwetu huku.”

“Ulijua lini?”

“Jumatatu. Mwalimu alinionyesha.”

“Leo ni Ijumaa.”

“Nilitaka ulale vizuri siku kidogo.”

Nilimvuta kwangu, mrefu hivyo, nikampakata kama zamani. Ndipo nikaelewa kwa nini ile mistari haikusogea.

Jumamosi tulipanda pikipiki mpaka Lubarika. Simu ilituongoza, tukapita pompe ya tatu, tukafika penye shamba la mihogo karibu na matete. Mwenye shamba, mzee aitwaye Nkeshimana, aliacha jembe akaja. Anasema Kirundi, na Kiswahili kidogo. Niliuliza kama wakati wa vita aliona mtu hapo, mrefu, mwenye ufunguo mkubwa wa chuma wa kufungulia pompe.

Alivua kofia.

“Niko namujua,” akasema. “Sisi tulijificha katika matete. Yeye alikuwa amekufa, alilala hapa siku nne, hatuna njia ya kutoka, bunduki ziko barabarani. Simu yake ilikuwa inalia. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Siku ya ine haikulia tena. Watu wa bunduki walipoenda, nikatoka nikamuzika.”

“Ni minye nilikuwa ninapiga,” nikasema.

Mzee akainamisha kichwa. “Unisamehe, mama. Niliogopa. Ilifaa nitoke niipokee.”

“Ulimufunika na nini?”

“Na mukeka. Bibi yangu alikuwa ameumaliza wiki ile. Mupya.”

Akatupeleka kwenye kona ya shamba, kwenye mawe matano. Nikakaa chini. Nikafungua kinywa, nikamlilia mwanangu kwa jina lake, mara ya kwanza. Mke wa Nkeshimana alitoka jikoni na unga mikononi, akakaa kando yangu, akalia pamoja nami.