Buji Katika Koti la Zagabe

Kila Jumapili, kabla ya misa ya pili, Zagabe aliegesha pikipiki yake kando ya ukuta wa kanisa, akachutama, akafungua buji, akaipuliza, akaifunga katika leso na kuitia mfukoni mwa koti lake la kahawia. Buji ni kale kachuma kanakotoa cheche ndani ya injini. Bila hako, pikipiki ni baiskeli nzito isiyo na pedali. Motari, yaani waendesha pikipiki, wote wa Nyantende walifanya hivyo, kwa kuwa wezi wa huku wanamcha Mungu lakini hawangojei baraka ya mwisho.

Zagabe alifariki wakati wa mahubiri. Jambo hilo halikugunduliwa mpaka kikapu cha sadaka kilipomfikia, maana si yeye peke yake aliyekuwa amefumba macho. Alizikwa na koti lilelile, na mkewe, Yolande, aliikumbuka buji pale udongo ulipokwisha kusawazishwa na kwaya ilipokuwa imefika ubeti wa mwisho. Kumfukua mtu kwa ajili ya buji ni aibu. Akaimba na wenzake.

Baada ya siku za kilio, kabichi zilikuwa zimeiva na zilipaswa kufika soko la Kadutu. Yolande alikusudia kuisukuma pikipiki mpaka kwa Willy, fundi wa njia panda, akanunue buji nyingine. Kwa mazoea akapiga kiki kwanza. Injini ikawaka. Aliinama akatazama pale buji ilipokuwa ikikaa: tundu lilikuwa wazi, na ndani yake mwanga mdogo wa buluu ulikuwa ukija na kwenda. Akafunga kabichi zake, akaondoka.

Willy alitia kidole tunduni, akakitoa, akakinusa. Upepo wa baridi ulikuwa ukitoka humo, wenye harufu ya shamba lililolimwa asubuhi.

“Anatuma cheche toka kule,” alisema Willy, akafungua tangi la petroli akachungulia. “Tia tu esanse, Mama Colombe. Esanse yeye hawezi kutuma.”

Kwa ajili ya heshima alijaribu kufunga buji mpya. Injini iliitema mpaka ng'ambo ya barabara, ikamkosa kuku.

“Basi,” alisema Willy akiifuata. “Tusizuie mutu kazi yake.”

Hivyo Yolande akawa anateremka mjini kila asubuhi ndani ya ukungu. Ziwa lilitokea kwenye kona, likafichwa, likatokea tena, kana kwamba lilikuwa likimsindikiza. Injini haikupiga kelele. Ilivuma kwa chini ule wimbo wa komunyo ambao Zagabe aliupenda na ambao hakuwahi kuupatia sauti yake. Yolande alimweleza habari za nyumbani. Akimaliza jambo la maana, pikipiki ilipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayefikiri. Kabichi zilifika, na Colombe, binti yao, alibaki bwenini akisoma, na hilo tu ndilo Yolande alilolitaka duniani.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya sherehe ya kuondoa kilio, alifika Léopold, kaka mkubwa wa marehemu, akiwa na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na koo safi. Katika maisha yake yote Zagabe hakuwahi kumkatalia Léopold kitu. Alisema, “Ndiyo, mukubwa,” kisha akaweka mikono nyuma ya mgongo na kuvunja vidole kimoja kimoja, ka, ka, ka, mpaka vikaisha. Ndivyo shamba la bondeni lilivyokwenda, na mbuzi, na redio.

“Shemeji,” alisema Léopold mbele ya jamaa, “piki ya ndugu yangu inarudi ku famii.”

“Ndugu yako hajaacha kazi,” alijibu Yolande. “Kujeni muone wenyewe nani anaiwasha.”

Akaisukuma pikipiki uani, akapiga kiki. Wazee walipanga mstari, wakainama mmoja mmoja, wakachungulia tunduni, wakamsalimu marehemu. Shangazi yake alimuuliza kama mgongo umepona. Mwanga wa buluu ulikuja na kwenda.

Léopold aliinama wa mwisho, akasimama, akapangusa magoti.

“Asante sana, shemeji. Umetufungua macho. Hii cheche inatoka ku nani?”

“Ku Zagabe.”

“Na Zagabe ni mutoto wa nani?”

Watu wote wakamgeukia baba wa Zagabe, aliyekuwa amekaa palepale na kikombe mkononi.

“Damu ya kwetu, cheche ya kwetu,” alisema Léopold. “Ungeliweka buji ya soko, tungeongea mengine.”

Wazee wakaligeuza neno hilo huku na huku, wakaona ni zuri.

“Na Colombe?” aliuliza Yolande. “Masomo yake?”

“Colombe ni mutoto wetu. Atakula penye tunakula.”

Léopold akapanda. Yolande alingoja injini ikatae. Iliwaka kwa kiki ya kwanza.

Alasiri Yolande alikwenda kaburini, akaketi upande ulipolala mfuko wenye buji. Udongo wa hapo ulikuwa na vuguvugu, kama majivu ya asubuhi.

“Papa Colombe,” alisema, “zima. Usiseme kitu, usigombane naye. Zima tu.”

Mbali, barabarani, pikipiki ilikuwa ikipanda mlima na mzigo wa Léopold. Kutoka chini ya udongo, na kutoka mlimani, kwa wakati mmoja, ulisikika mlio: ka, ka, ka. Yolande aliujua. Akajipangusa, akarudi nyumbani.

Léopold aliipeleka pikipiki kwa Willy.

“Ku mupando inalia sawa kokoto ndani ya kopo.”

“Hiyo, moto unawaka mbele ya saa yake, piston haijafika juu,” alisema Willy. “Mara mingi ninabadilisha buji.”

Wote wawili wakatazama tundu lisilo na buji.

“Badilisha esanse,” alisema Willy.

Léopold akabadilisha esanse, akapunguza mzigo, akairudisha. Mlio ulikuwa palepale.

“Lakini inapanda?” aliuliza Willy.

“Inapanda.”

“Basi ni makelele tu.”

Sasa kabichi za Yolande zinakwenda Kadutu mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Nyuma yake anakuja Colombe na kapu dogo; bwenini wamempa mwingine kitanda chake. Kwenye mpando mkali ukungu hufunguka, na Léopold hupita akiwa amenyooka, akipiga honi, maana ni mtu wa adabu. Injini huvunja vidole kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

“Nasikia, Papa Colombe,” Yolande husema, na kumvuta binti yake kando, ili ndugu wawili wapite.