Turubai la Ukoka

Mume wangu Wilson alizaliwa Masukulu, hukuhuku Rungwe, ambako mbegu ikikudondoka kwa bahati mbaya itabidi urudi na panga kuifuata. Udongo mweusi, mvua isiyojua kupumzika. Lakini baada ya miaka ya kazi Dar es Salaam alihamishiwa Tukuyu, akagundua, kwa msaada wa simu yake, kwamba ardhi ya Rungwe ina upungufu. Ukoka wetu, alisema, una njaa.

Ukoka ule ndio mtoto wake wa pili. Wa kwanza, Happy, yuko bweni na hajawahi kuchanwa nywele na baba yake, ila ukoka unapitishiwa reki kila Jumamosi. Getini kabisa aliweka kibao chenye herufi nyekundu: USIKANYAGE MAJANI. Wageni wakaelewa, wakaacha kuja. Na misiba ya mtaani? Wilson alituma rambirambi kwa simu, mimi nikajifunga kanga nikaenda kulia kwa niaba ya nyumba nzima.

Kisha mama yake, Mama Tulinagwe, akaugua mapafu, akalazwa hospitali ya Igogwe. Alipotoka tukamleta kwetu ili awe karibu na daktari. Tulimshusha garini akiwa amefunikwa blanketi, mmoja kamshika huku, mwingine huku, na mtaa mzima ukitazama. Tukampa chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangalia ukoka.

"Mkwe wangu," aliniuliza jioni ile, "hapa nikifa nani atanilia?"

"Mama, utapona."

"Sikukuuliza hilo." Alikuwa anatazama kibao. "Watu hawaruhusiwi kukanyaga majani. Watakaa wapi?"

Akasema Jumamosi anarudi Masukulu, hata kwa miguu. Nikaogopa kwelikweli. Kule anaishi peke yake, na pumzi ikimbana hakuna wa kumkimbiza hospitali. Nilimweleza Wilson. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema tutaongea, na Ijumaa asubuhi akashughulikia jambo la dharura zaidi, yaani kuulisha ukoka.

Kazi yenyewe ni hii. Unachanganya udongo, samadi iliyooza na mchanga, unachekecha, unatandaza kidogokidogo juu ya majani mpaka ncha zake tu zionekane, kisha unafagia ili ushuke kwenye mizizi. Sharti mchanganyiko uwe mkavu. Mkavu, Tukuyu! Kwa hiyo Wilson akaenda kukodi turubai, lile la bluu linalokodishwa kwa shughuli zote, akalifunga mbele ya nyumba. Chini yake akamwaga lundo la udongo. Akaweka vibarua wenye machepe, wakiongozwa na Nsajigwa. Mchanga ulipopungua, akawasha gari kwenda Kiwira kufuata mwingine.

Sasa jiweke mahali pa jirani yetu Ackson, anayepita zake njiani. Juzi kaona mama mzee anabebwa kutoka hospitali. Leo anaona turubai, lundo la udongo, wanaume wenye machepe. Kwetu marehemu anazikwa nyumbani. Ungeuliza nini tena?

Nilikuwa jikoni nilipokisikia kilio. "Mwe bandu! Enyi watu! Mama yetu jamani!" Wanawake walikuwa wanaingia getini kwa mkumbo, kanga kiunoni, mikungu ya ndizi na kuni kichwani. Wakapita kibao cha Wilson, wakakaa chini juu ya udongo uliotandazwa kwa uangalifu mkubwa. Nyuma yao akaja Ackson na wanaume, kila mmoja na jembe lake.

"Udongo mmeleta," Ackson akamwambia Nsajigwa, "shimo liko wapi?"

Nsajigwa akajibu kwamba yeye aliambiwa kutandaza tu. Ackson akaona huyu kachanganyikiwa na majonzi, akachagua mahali katikati ya ukoka, na kazi ikaanza. Nsajigwa naye akasaidia.

Nilikimbilia chumbani. Mama alikuwa ameketi wima dirishani, pazia amelifungua kidogo.

"Mama, ngoja nikawaambie!"

"Kaa chini."

"Mama, wanachimba!"

"Waache wachimbe. Yule mwenye kitenge cha njano ni nani?"

"Elina, anauza maparachichi."

"Simjui," akasema mama, na machozi yakamtoka. "Simjui, na ona anavyonililia."

Nikakaa. Kwaya ya kanisa nayo ilikuwa imefika na kuanza wimbo, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu nilimwona ana furaha. Ningeanzia wapi kumharibia?

Ndipo Wilson akarudi. Kwanza, Mungu anisamehe, naamini aliona nyayo. Nilisikia, "Jamani, maj—" Halafu akaliona shimo. Ackson akavua kofia, akamwendea. "Pole sana, ndugu yetu."

Wilson akapiga magoti kwenye samadi. "Mama! Mama yangu!" Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na nikampenda upya pale pale, mpumbavu yule.

"Basi, inatosha," mama akasema. "Nipe mkono."

Tulipotokea barazani kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Mwanamke mmoja alikimbia akaacha kiatu.

"Ndaga," mama akawashukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo. Kaeni tu, chakula si mmeshaleta?"

Ackson alimtazama mama, akamtazama Wilson. "Hili turubai ni la nini?"

"La udongo," Wilson akajibu akiwa bado chini. "Usinyeshewe."

"Udongo usinyeshewe," Ackson akarudia taratibu. "Tukuyu hapa."

Kicheko kilichopigwa nadhani Kiwira walikisikia. Kilipotulia Wilson akauliza, kwa aibu, walikujaje wakati yeye kwao hajawahi kufika. "Tulikuja kwa mama," Ackson akasema. "Wewe tulipanga kukusema tukishazika."

Jumamosi mama hakwenda popote. Shimo alikataa lisifukiwe, akapanda mgomba humo. Ukoka, kwa taarifa yenu, ulistawi vizuri ajabu, maana hakuna ufagio unaosukumia udongo mizizini kama makalio ya mtaa mzima. Kibao Wilson alikichanja kuni mwenyewe.

Mama alituacha msimu wa mvua uliofuata, usingizini, katika chumba kilekile. Asubuhi Wilson alifunga turubai, na vijana wa ukoo wakalia uani. Hakuna jirani aliyekuja. Niliwaona wamesimama milangoni kwao, wanatuchungulia, wanangoja.

Wilson akatoka getini kwenye mvua bila mwavuli. Mume wangu, aliyekuwa akituma pole kwa simu, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kwa Ackson nilikuwa nyuma yake.

Ackson alifungua mlango nusu. Hakuwa anatania.

"Ni mama," akauliza, "au ni ukoka?"

"Ni mama," Wilson akasema.

Ackson akaingia ndani kuchukua jembe.