Buibui wa Heru Juu Aenda Kuolewa Kibondo

Lori lilikuwa limeshaipita Makere ndipo Melkiadi alipokumbuka kwamba hakumuaga mkewe. Alikuwa ameaga kuku, akapita hata kwenye shimo la takataka kutafuta mende wa njiani, lakini mke alimsahau. Basi, lori halirudi nyuma kwa jambo la namna hiyo. Akalikumbatia kopo la maziwa ya unga mapajani, lenye matundu ya msumari kifunikoni, akatazama vumbi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Lori lilibeba magunia ya maharage, na juu ya magunia watu kumi na wanne.

"Mzee, umebeba nini humo?" akauliza mama mmoja wa Titye.

"Bibi harusi."

"Mbona kimya?"

"Ndiyo sifa yake."

Mama akainama kulisikiliza kopo. Melkiadi akafungua kidogo, asije akaitwa mwongo. Ndani alikaa buibui mweusi, mpana kama kiganja cha seremala, mwenye nywele mwili mzima. Kuanzia hapo Melkiadi alisafiri akiwa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Yeye alikuwa seremala wa Heru Juu, huko Kasulu, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi wa kufuga buibui wa mashimo. Hakuwafuga kwa dawa wala kwa uchawi. Alipenda kuwatazama tu. Huyu alimwita Maximilla, jina la mama mkwe wake, kwa vile wote wawili walikaa mlangoni bila kusema neno na hakuna aliyethubutu kupita. Zamani mteremko wa nyuma ya nyumba ulijaa mashimo ya buibui hao. Mwaka uliotangulia watu walihamishiwa kijijini, mteremko ukalimwa mihogo ya kijiji toka juu hadi chini, na Melkiadi alipokwenda kupekua na fimbo yake hakupata shimo hata moja. Maximilla alibaki peke yake. Akifa yeye, basi.

Kibondo alikuwako Isihaka, fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji, naye mfugaji. Buibui wake walikuwa wa kahawia. Miaka saba nyuma mtaalamu wa makumbusho fulani ya Ulaya alipita huko, akawaambia kwamba hizo ni aina mbili mbalimbali, akazipa majina mawili ya Kilatini, moja la Kasulu na moja la Kibondo. Toka siku hiyo wazee hawa wakawa wanaandikiana barua za kejeli, kila mmoja akiisifu aina yake. Na kila jike lilipojivua ngozi, mwenyewe aliitia ngozi hiyo kwenye kiberiti akaipeleka posta, iende kwa mtaalamu.

Sasa mtaalamu alikuwa amejibu. Barua ilikuwa ya Kiingereza, akaisoma Padri Reverien wa parokia. Mtaalamu alisema amezipima ngozi upya, ametazama kwa darubini vifuko vya uzazi vya majike, ameona ni kitu kimoja. Rangi si hoja. Kwa hiyo aina ni moja, na jina linalobaki ni lile lililoandikwa kwanza, la Kibondo. La Kasulu limefutwa.

"Wamekufuta," Padri alisema.

"Amesema aina moja?"

"Moja."

"Basi Isihaka ana dume."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumfikiria dume yule, kama mtu asivyofikiria kuozesha mbuzi kwa kondoo.

Mwisho wa barua palikuwa na ushauri. Dume ndiye apelekwe kwa jike, shimoni kwake, jike asihamishwe, na mtu akae hapo hapo na kijiti, tayari kuwatenganisha. Padri aliyasoma hayo mara mbili. Isihaka alikuwa amepata barua kama hiyo, akatuma jibu kwa mdomo wa dereva wa lori: "Hiyo ni mila ya kwao. Kwetu bwana harusi hahamii ukweni. Mlete binti."

Melkiadi akaona kwamba, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Isihaka amesema kweli.

Isihaka alimpokea kibarazani kwake, amevaa kanzu.

"Karibu, mkwe. Amefika mzima?"

"Mzima. Wako yuko wapi?"

Isihaka akaleta sanduku lenye kioo upande mmoja. Dume alikuwa miguu tu.

"Kijana gani huyu, hana hata tumbo."

"Tumbo la nini? Yeye si mlevi wa Heru Juu."

Wakamwingiza Maximilla sandukuni. Alikwenda kwenye pembe akajikunja. Dume akasimama, akaanza kupiga chini kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Wazee wakatazama. Kisha wakatazamana.

"Mkwe," Isihaka alisema, "sisi ni wakwe."

"Nilikuwa nafikiria hilo hilo."

Isihaka akalifunika sanduku kwa kanga mpya, wakatoka kunywa kahawa. Kijiti kilibaki juu ya cherehani. Walikunywa vikombe vitatu vitatu, kwa heshima.

Walipoinua kanga, Maximilla alikuwa katikati ya sanduku. Kando yake ilikuwapo miguu mitano.

Isihaka aliihesabu. "Binti yako hana adabu."

"Ametoka safari."

"Hukumlisha njiani?"

"Mende wawili."

"Je, walikuwa wameshaoana?"

"Wewe ndiye uliyefunika."

Melkiadi alirudi Kasulu na kopo lake. Mkewe hakumsalimu kwa siku tatu. Maximilla aliziba kwa utando mlango wa chungu alimofugwa, na wiki ya kumi akaonekana amekumbatia kifuko cheupe. Wakatoka watoto themanini na kitu.

Isihaka alishuka kwenye lori wiki iliyofuata, na makopo matupu.

"Watoto ni wa baba."

"Baba yao yuko wapi?"

"Tumboni mwa mama yao. Lakini ukoo ni ukoo."

Kwa mila ya Melkiadi pia watoto walikuwa wa baba. Akampa nusu.

Mwaka wa sabini na tisa barua nyingine ilikuja. Mtaalamu amestaafu, aliyeshika nafasi yake amepima upya na kuona vifuko vinatofautiana. Aina ni mbili, jina la Kasulu limerudishwa, na aina hizo haziwezi kuzaa pamoja. Padri Reverien aliisoma akiwa ameketi kati ya makopo thelathini na saba ya watoto wa Maximilla.

"Niwajibu nini?"

"Wasalimie," Melkiadi alisema.

Maximilla alikufa mwaka wa themanini na moja, wakati wa kujivua ngozi. Isihaka alihamia Ujiji na nusu yake ya buibui. Wengi walikufa kwa joto la huko. Padri alipelekwa parokia nyingine. Mihogo ya mteremkoni ilishindwa, pakaachwa pori, na Melkiadi akawafungulia huko waliobaki. Kwenye makopo hakuwa ameandika jina lolote, la Kasulu wala la Kibondo.